Wafundishwe Kwanza Wagawaji

Yapo maneno ambayo yakishaingia katika barua za maofisi hayatoki tena, na watu huyatumia mpaka yakachakaa. Miongoni mwa maneno hayo katika miaka hii yetu ni "ujenzi wa amani". Ni nadra siku hizi kwa mradi wa maji, wa mwani, wa skuli au wa afya kupelekwa kwa wafadhili bila ya kutiwa ndani yake fungu la mafunzo ya amani. Fedha zikishapatikana, wananchi huitwa mjini, hukalishwa siku mbili au tatu katika ukumbi wenye mapangaboi, hugawiwa kalamu na daftari, hufundishwa namna ya kuvumiliana, hupigwa picha ya pamoja, hutiwa posho mkononi na kurejeshwa makwao. Kisha ripoti huandikwa kwamba watu kadhaa wamejengewa uwezo wa kutatua migogoro.

Tunasema wazi kwamba mafunzo hayo yanampita yule anayestahiki kufundishwa. Mkulima wa muhogo na mvuvi wa Msuka hawahitaji mgeni wa kuwaeleza namna ya kukaa na jirani. Anayehitaji kuelezwa ni yule anayewajia na gari, fomu na fedha: mtumishi wa shirika la misaada, ofisa wa mradi, mtaalamu wa wizara, na mkubwa wao aliyeko Dar es Salaam, Nairobi au Ulaya ambaye ndiye mtia saini. Hao ndio wenye kitu cha kugawa, na ugomvi mwingi wa vijijini mwetu, hata ule unaovaa nguo za siasa, huanzia katika mgawo.

Elimu yenyewe si ya kubezwa. Ilipatikana kwa gharama kubwa, na sehemu ya gharama hiyo ililipwa na majirani zetu. Mwaka 1994, baada ya mauaji ya kimbari ya Rwanda, mamia kwa maelfu ya watu walivuka mpaka wakaingia Goma, mashariki ya nchi iliyokuwa ikiitwa Zaire. Mashirika ya dunia nzima yalimiminika kuwahudumia. Chakula kikagawiwa kwa kupitia wakubwa wa makambi kwa sababu ndiyo njia iliyokuwa nyepesi. Lakini wengi wa wakubwa hao walikuwa ndio wale wale walioendesha mauaji. Walizidisha hesabu ya watu, wakauza ziada, wakawatawala wakimbizi kwa kibaba cha unga na kujipanga upya kwa vita. Tawi la Ufaransa la Madaktari Wasio na Mipaka liliondoka katika makambi hayo Novemba 1994 kwa kukataa kuwalisha wauaji. Mwaka 1999 Mmarekani Mary B. Anderson akatoa kitabu kilichokusanya maarifa ya mashirika mengi yaliyopata mikasa kama hiyo, na hoja yake kubwa ni hii: msaada unaoingia penye ugomvi huwa sehemu ya ugomvi, mwenyewe apende asipende. Kwa hiyo kila mradi hauna budi kutazamwe kama unatia nguvu yale yanayowatenga watu au yale yanayowaunganisha.

Angalia, ndugu msomaji, swali hilo anaulizwa nani. Anaulizwa mwenye msaada. Halikuwa hata siku moja swali la kumwuliza mkimbizi aliyesimama foleni na bakuli lake. Vipi basi somo lililotungwa kwa ajili ya mgawaji limegeuka likawa somo la mgawiwa? Jibu si gumu. Mgawiwa ni mwepesi kuitwa. Hana safari ya kwenda Geneva wiki ijayo, posho anaihitaji, na hawezi kumwambia aliyemwalika kwamba tatizo ni yeye. Mgawaji naye hujiona ameshaelimika kwa kuwa tu ana shahada na nia njema.

Mambo haya hayakuishia Goma. Kule Kakuma, kaskazini ya Kenya, kambi ya wakimbizi ilifunguliwa mwaka 1992 katikati ya nchi ya Waturkana. Wenyeji wakawa wanaangalia malori ya chakula yakipita kwenda kwa wageni, na wao wamo katika ukame huo huo. Kila mwenye akili angeweza kukisia yatakayofuata, na yalifuata. Ilichukua zaidi ya miaka 20 mpaka yalipoanzishwa makazi ya Kalobeyei mwaka 2016, yaliyokusudiwa tangu mwanzo kuwahudumia wakimbizi na wenyeji pamoja. Miaka yote hiyo wafanyakazi wa misaada waliohudhuria mafunzo ya amani walikuwa wengi, na kichwa cha foleni hakikubadilika.

Sasa tuje kwetu, tuje Msuka. Msuka iko kaskazini-magharibi ya kisiwa cha Pemba, Wilaya ya Micheweni, kupita Konde, jirani na msitu wa Ngezi. Utafiti wa mapato na matumizi ya kaya wa 2004/05 uliikuta Micheweni kuwa wilaya maskini kuliko zote za Zanzibar, na tangu hapo miradi imekuwa ikielekezwa huko, jambo ambalo ni la haki. Mgeni anayeshuka garini huona minazi, mashua, watoto wa skuli wanaorudi kwa miguu, na huona umaskini. Hayo aliyaona tayari katika andiko la mradi. Yako mengine ambayo hakuandikiwa.

Hakuandikiwa kwamba amekanyaga mji wa kale. Yapo Msuka magofu ya msikiti ambao ndani ya mihrabu yake umechorwa mwaka 816 wa Hijra, yaani 1414 Miladia. Mahali palipokuwa na jamaa ya sala miaka 600 iliyopita hapakungoja mradi ili pajue neno suluhu. Hakuandikiwa kwamba mvuvi wa dago anapotoka pwani nyingine na kupiga kambi hapo, kuna wa kumwendea na kuna masharti ya kuelezwa; kwamba bwana diko anajua nani kashusha samaki, nani kamkopesha nani, na nani hapaswi kuwekwa karibu na nani siku ya mnada. Hayo ni maarifa ya amani. Hayana cheti.

Na hakuandikiwa jeraha. Baada ya uchaguzi wa Oktoba 1995 Pemba iligawika kwa namna ambayo vijana wa leo hawaamini wakisimuliwa. Watu wa chama hiki hawakuzikana na watu wa chama kile. Duka la fulani halikuingiwa, gari ya fulani haikupandwa, harusi zilikosa watu na ndoa nyengine zikavunjika. Muafaka wa kwanza ulitiwa saini mwaka 1999, ukafa kwa kutotekelezwa. Tarehe 26 na 27 Januari 2001 maandamano yalikutana na risasi. Watu zaidi ya 30 walikufa, na kiasi cha watu 2,000 walivuka bahari kukimbilia Shimoni, Kenya. Ukafuata Muafaka wa Oktoba 2001. Yakafuata mazungumzo ya Novemba 2009 baina ya Rais Amani Abeid Karume na Maalim Seif Sharif Hamad, na kura ya maoni ya 31 Julai 2010 ambayo wapiga kura 66 katika kila 100 waliikubali Serikali ya Umoja wa Kitaifa. Wengi tukasema yamekwisha. Mwaka 2015 uchaguzi ukafutwa, mwaka 2020 damu ikamwagika tena Pemba katika siku za kabla ya kura, na Disemba ya mwaka huo huo viongozi wakarudi kukaa pamoja serikalini.

Hatuyataji haya kwa kufukua makaburi. Tunayataja kwa sababu mtu anayekwenda Msuka kugawa chochote, hata kama ni ndoo za plastiki, anagawa juu ya ardhi hiyo.

Natuchukue mfano wa kubuni, wala asitafutwe mtu ndani yake. Shirika limepata fedha za kuchimba kisima kimoja. Msuka ni shehia mbili, Msuka Mashariki na Msuka Magharibi. Papo hapo pana swali la kwanza, kisima kiwe upande gani, na swali hilo halikuulizwa na mtu kwa kuwa katika karatasi za shirika mahali pameandikwa "Msuka" tu. Ofisa wa mradi ni kijana mwema, amesoma, ana vyeti viwili vya utatuzi wa migogoro. Anafika wilayani, anapiga hodi kama itakiwavyo, kisha anakwenda kwa sheha. Anaomba apatiwe orodha ya kaya 40 zenye dhiki na majina ya watu saba wa kamati ya maji. Mchana orodha iko tayari. Bwana huyu anafurahi kwa wepesi wa kazi, anarudi Chake Chake kabla ya magharibi.

Wala orodha hiyo si ya uongo. Kila aliyetajwa ana dhiki kweli. Lakini barazani haisomwi hivyo. Sheha huteuliwa, hapigiwi kura, naye ndiye aliyekuwa akitoa barua ya kumtambua mkaazi anayetaka kitambulisho. Mwaka 2009 uandikishaji wa wapiga kura kisiwani Pemba ulisitishwa kwa muda kwa sababu ya ugomvi wa vitambulisho vya Mzanzibari Mkaazi, na mwenye kukumbuka mlango aliokataliwa barua anaukumbuka mpaka leo. Hatusemi kwamba masheha ni watu wabaya. Wengi wao hukesha na matatizo ya watu kwa malipo madogo, na wako waliolipia msimamo wao wa haki kwa kutukanwa na pande zote mbili. Tunasema kwamba karatasi inayotoka katika mkono ule ule uliotoa barua za vitambulisho haiwezi kuwa karatasi tupu ya ustawi wa jamii. Kijana wetu alichukua waraka wa siasa akidhani amechukua orodha ya maskini. Vyeti vyake viwili havikumwambia.

Mkutano wa kuipitisha kamati uliitishwa asubuhi ya maji ya bamvua. Ofisa hakujua bamvua ni nini, na hakuna aliyemfundisha. Bahari ilikuwa imetoka mbali, na wanawake wote wa mwani walikuwa huko wakifunga na kuvuna, kwa kuwa siku hizo ndizo siku zao za kazi. Basi maji, ambayo wachotaji wake ni wanawake, yakaamuliwa na wanaume waliokuwa na nafasi. Katibu wa kamati akachaguliwa mwalimu, maana ndiye mwenye mwandiko. Hakuna aliyekaa kufikiri kwamba mwalimu huyo alisimamia kituo cha kura katika uchaguzi uliopita, na kwamba wapo ambao tangu siku hiyo humwamkia kwa nusu ya mdomo. Kiwanja kilitolewa bure na mtu mmoja karimu. Mwaka haujesha, mrithi wake anasema kiwanja kilitolewa, njia ya kufikia haikutolewa.

Hapo ndipo ugomvi unapozuka, na hapo ndipo shirika linapoandika kwa wafadhili kwamba jamii ya Msuka ina migogoro, kwamba uvumilivu ni mdogo, na kwamba zinahitajika fedha za nyongeza kwa ajili ya semina ya ujenzi wa amani kwa wanakijiji 30. Fedha zinaletwa. Anayetoa semina ni shirika lile lile.

Je, nani alistahiki kukaa darasani?

Wako watakaosema tumetia chumvi. Watumishi wa umma na walimu wanaosoma ukurasa huu watupime wenyewe, kwa maana wengi wao wamekuwa makatibu wa kamati hizo, wamebeba lawama za orodha ambazo hawakuziandika, na wamezunguka na wageni wakiwatafsiria maneno. Tena tafsiri yenyewe ni ushahidi. Mafunzo hutungwa kwa Kiingereza, hutolewa kwa Kiingereza au kwa Kiswahili kilichofungwa kamba za Kiingereza, na mtu hutoka humo akiwa na istilahi 20 za kuandikia ripoti na hana neno moja la kusemea barazani. Hali Kiswahili chetu kinapambanua kinyongo na uhasama, husuda na upendeleo, fitina na shutuma, sulhu na kunyamaza tu. Mfanyakazi akijua kwamba mzee fulani ana kinyongo na wala hana uhasama, ameshajua aanzie wapi. Elimu hiyo inapatikana bure Konde na Msuka, na haipatikani katika vitabu vya rangi vinavyogawiwa hotelini.

Lakini tusiwaonee vijana wa nyanjani peke yao. Wakubwa wa misaada nao wana mtihani wao ambao waliuanguka, nao ni wa miaka ya 1995 na kuendelea. Uchaguzi ulipogombaniwa, nchi kadhaa za Magharibi zilizuia misaada yao kwa Zanzibar. Kusudi lilikuwa kuibana Serikali ili haki itendeke. Athari ilikuwa nini? Serikali haikulala na njaa. Waliokosa dawa, madarasa na mabomba walikuwa ni wananchi, na Pemba, ambayo ndiyo iliyolalamika kwamba kura yake imepotea, ilikuwa miongoni mwa walioadhibiwa kwanza. Skuli za Pemba zilitumika kupigia kura, ni kweli, lakini hazikuzihesabu. Adhabu ile ikawapa watu wa kila upande hoja mpya ya kumchukia mwenzake: hawa wakasema nyinyi ndio mliotuletea balaa kwa kulalamika, na wale wakasema nyinyi ndio mliotuletea balaa kwa kudhulumu. Miaka ilipita hivyo, na mashirika yaliyoko nchi hizo hizo yaliendelea kuchapisha vitabu juu ya msaada usioongeza ugomvi.

Tukitaka kuwa waadilifu tutaje pia yaliyofanywa vizuri. Maabara ya Afya ya Jamii ya Ivo de Carneri iliyofunguliwa Wawi, Chake Chake, mwaka 2000 kwa msaada wa Waitaliani, ilikuja wakati huo huo wa ukavu, na minyoo na malaria haziulizi mtu kadi ya chama. Waya wa umeme uliopitishwa chini ya bahari kutoka Tanga na kuzinduliwa mwaka 2010, kwa msaada mkubwa wa Norway, ulikitoa kisiwa kizima katika shida ya majenereta ya mafuta. Kitu kinachomfikia kila mtu hakina orodha, na kisicho na orodha hakina kinyongo kingi. (Ingawa nguzo za umeme nazo zina hadithi zake, na kila shehia inajua nguzo ipi ilipinda njia kwa ajili ya nani.)

Mfano bora zaidi tunaoujua haukutoka Ulaya. Ulitoka Wajir, kaskazini-mashariki ya Kenya, na aliyekuwa mbele katika kuuanzisha ni mwanamke Mwislamu na mwalimu, Dekha Ibrahim Abdi. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 koo za huko zilikuwa zikiuana, na ukame umewakaba wote. Wanawake wachache hawakuanzia ukumbini, walianzia sokoni. Walisimamia jambo moja, kwamba mwanamke wa ukoo wowote aweze kuuza na kununua kwa mwanamke wa ukoo wowote. Msomaji wa Pemba anayekumbuka maduka yaliyosuswa ataelewa uzito wa jambo hilo bila ya maelezo. Kutoka sokoni wakaenda kwa wazee, kutoka kwa wazee wakaenda kwa wakuu wa Serikali, na mwaka 1995 kamati ya amani ikaingizwa ndani ya kamati ya maendeleo ya wilaya. Mama huyo alitunukiwa Tuzo ya Right Livelihood mwaka 2007, akafariki 2011, na alifundisha watu wa nchi nyingi.

Hapo pa mwaka 1995 ndipo pa kutuliza macho. Amani ya Wajir haikupewa ofisi yake, gari yake na semina zake kando. Iliwekwa katika meza ile ile inayoamua kisima kichimbwe wapi na chakula cha msaada kipite njia gani. Mtaalamu wa maji akawa hana budi kuulizwa na watu wa amani kabla hajatia mashine ardhini. Kwetu sisi mtaalamu wa maji huchimba kwanza, na watu wa amani huitwa baadaye kama wazima moto.

Tumesikia majibu matatu kwa hoja za namna hii, nayo yana uzito usiolingana. La kwanza ni kwamba Zanzibar ni shwari, na kuwafundisha watumishi historia ya 1995 na 2001 ni kuamsha yaliyolala. Jibu hili hutolewa kwa nia njema na watu waliochoka, lakini ni jibu la hatari. Yaliyolala hayaamshwi na mtu anayeyajua. Huamshwa na yule anayeyakanyaga gizani. Mfanyakazi asiyeambiwa kitu ndiye atakayemteua katibu asiyefaa na kuitisha mkutano katika nyumba isiyoingiwa na nusu ya watu.

La pili ni kwamba kumpita sheha ni kuidharau Serikali. Hakuna aliyesema apitwe. Sheha apigiwe hodi wa kwanza, na orodha yake ichukuliwe kwa heshima. Kisha isomwe kwa sauti mbele ya watu, jina baada ya jina, kabla ya senti moja kutoka. Utaratibu wa TASAF wa kunusuru kaya maskini uliweka msingi huo, kwamba mkutano wa wananchi ndio unaotaja kaya maskini kabla ya majina kwenda kuchujwa kwa vigezo. Tuna lawama na ule mchujo, kwa maana majirani wawili wenye paa la makuti moja, mmoja akiingia na mwingine akatoka, ofisa huwajibu kwamba ni mfumo ulioamua, na hakuna mtu aliyewahi kusuluhishwa na mfumo. Lakini kusomwa hadharani ni jambo jema, na linamlinda sheha mwenyewe kuliko siri inavyomlinda.

La tatu ni kwamba mwenye fedha ndiye mwenye kuchagua mafunzo. Jibu hili tungelivumilia zamani. Azimio la Arusha la 1967 lilikwisha kutuonya juu ya kuifanya fedha ya mgeni kuwa nguzo ya maendeleo yetu, na tulilisoma, na baadhi yetu tulilifundisha, kisha tukaendelea kuandika maandiko ya miradi. Mwaka 2025 Marekani ililivunja shirika lake la misaada, USAID, katika muda wa miezi michache. Kazi zilizokuwa zikilitegemea zilisimama katika nchi nyingi, Tanzania ikiwamo, na waliokuwa wakitegemea semina zake walibaki na mabegi yenye nembo. Kama mafunzo ya amani yanaweza kufungwa kwa amri ya mtu aliyeko Washington, basi hayakuwa yetu.

Yafanywe kuwa yetu. Chuo cha Utawala wa Umma kipo, Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar kina tawi lake Pemba, vituo vya walimu vipo. Mtumishi yeyote wa shirika, awe Mzanzibari, wa Bara au Mzungu, asipokewe wilayani kuanza mradi kabla hajakaa wiki mbili katika shehia anayokwenda kufanyia kazi, akilala huko, akila huko, bila ya fomu na bila ya ahadi. Wakufunzi wake wawe bwana diko, mkunga, mwalimu wa madrasa, kiongozi wa kikundi cha mwani, na sheha mstaafu ambaye hana tena cha kupoteza kwa kusema kweli. Walipwe wao zile posho, maana kumfundisha mtu mzima ni kazi. Mtihani uwe wa mdomo na uwe wa Kiswahili: aeleze nani anazikana na nani, maji yanagombaniwa wapi, mkutano uitwe lini na katika kibaraza cha nani. Asiyeweza arudi mjini akaandike ripoti, kazi ambayo bila ya shaka anaiweza.

Wakubwa wa wizara na wa wafadhili nao wasisamehewe. Wao hawana nafasi ya wiki mbili, tunajua. Siku mbili wanazo. Na kabla ya nchi yoyote kusimamisha msaada wake kwa kulinda haki za watu wa Pemba, iwe imewauliza watu wa Pemba.

Wakuu wa wilaya na makatibu watendaji wanaotayarisha makadirio ya mwaka ujao watakuta humo, kama ilivyo ada, fungu la mafunzo ya amani kwa jamii. Wafute neno "jamii" waandike "watumishi", na mkutano wa kwanza wa Msuka uitwe siku za maji mafu, wanawake wakiwa juu ya ardhi.